Mama Amepumzika

Ukitaka kumuudhi Bi Pasi, usihangaike kumtukana. Matusi alishayazoea, amefanya kazi chumba kimoja na wanawake ambao wakigombania kipande cha sabuni wanatajana mpaka mabibi zao waliokwisha kuzikwa. Usimcheke goti lake, wala usimwambie chai yake nyepesi. Wewe inamisha tu kichwa upande, lainisha sauti kama unamsemesha mgonjwa, halafu sema: "Mama, pumzika."

Hapo utajua hujui.

"Nipumzike nini?" ndivyo anavyojibu. "Waliopumzika si wanajulikana walipo? Wamewekewa udongo kifuani. Mimi udongo nautaka chini ya nyayo, umesikia?"

Na waliokuwa wakijibiwa hivyo si watu wa mbali. Ni watoto wake wawili, aliowazaa mwenyewe, akawanyonyesha mwenyewe, na walipostahili kiboko akawachapa mwenyewe. Walikuwa hawana neno jingine. Akishika jembe, pumzika. Akibeba ndoo, pumzika. Akichuchumaa kung'oa magugu, pumzika, pumzika, pumzika, mpaka ukadhani mama yao ni gari la mizigo limeharibika katikati ya barabara.

Jina la Bi Pasi alilipatia kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Hakikuwa chumba cha mtu kujisifia. Kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha, na mvuke wake ulikuwa mzito hata mwenzako akisimama karibu unamjua kwa kikohozi. Yeye aliwekwa kwenye pasi kubwa ya mashuka, ile yenye magogo mawili ya chuma cha moto yanayozunguka. Kazi yake kuingiza shuka upande huu bila kuingiza na vidole. Mashuka ya waliojifungua, mashuka ya waliovunjika, mashuka ya waliokata roho, yote yalipita mikononi mwake yakatokea upande wa pili yamenyooka, hayamkumbuki aliyeyalalia. Aliingia kazini kabla ya kupambazuka, akatoka jua limezama. Ukimuuliza kama mvua ilinyesha jana, alikuambia umuulize mtu anayekaa duniani.

Mwenzake wa karibu humo alikuwa Mama Wanga. Jina hilo lilimpa taabu sana mwanamke wa watu, maana kila akitambulishwa mahali watu walisogeza viti. Ikabidi kila mara Bi Pasi aeleze: "Si wanga wa usiku jamani, ni wanga wa kukazia mashuka." Wakicheka hivyo ndivyo siku zilivyokwenda, na maisha nayo yakaenda hukohuko.

Basi siku ya kustaafu, wenzake walilia. Yeye alikuwa anacheka. Walidhani anajikaza. Hakuwa anajikaza hata kidogo. Alikuwa anawaza ua wa nyuma ya nyumba yake.

Ua wenyewe ulikuwa aibu tupu. Kati ya mlango wa jikoni na uzio wa jirani, fundi aliyejenga nyumba alikuwa ameacha vipande vya matofali, mabati yenye kutu na chupa zilizovunjika, kama vile pale pakiitwa nyuma basi si nyumbani kwa mtu. Bi Pasi alivitoa kwa mkono. Akalima, akaweka mbolea, akagombana na udongo mpaka udongo ukasalimu amri. Alipanda mchicha, nyanya, bilinganya na vitunguu. Mchaichai akauweka karibu na bomba upate maji yanayodondoka. Mawaridi akayapanda kwenye mabeseni mabovu ya kufulia. Na katikati kabisa, wiki ileile aliyorudisha ufunguo wa kabati lake la kazini, akapanda mndimu.

Mndimu ule ulikuwa na kiburi. Ulikaa umenuna mwaka baada ya mwaka, una majani na miiba tu, mpaka jirani akamshauri aukate apande mti wenye adabu. Bi Pasi akakataa. Mwaka huu ndipo ulipotoa maua, maua yakafunga, na sasa kulikuwa na ndimu changa, ngumu kama gololi. Hakumruhusu mtu kuzigusa. Yeye mwenyewe alizipapasa kila asubuhi, moja moja, akiziuliza hali.

Nasema wazi, kwa sababu watu wengine hawaamini mpaka waambiwe: mwanamke huyu alikuwa na furaha. Alikuwa anazeeka vizuri kuliko alivyowahi kuwa kijana. Aliamka, akafungua mlango wa jikoni, akakanyaga udongo wa baridi kwa miguu mitupu, na huo ubaridi tu ulimtosha kumfanya atabasamu. Chai yake aliinywa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akiona nyanya imeiva aliichuma, akaipaka chumvi, akaila palepale amesimama, maji yake yakimchuruzika kwenye kiwiko. Halafu alikuwa na ugomvi wake wa kila siku na jirani, fundi redio, ambaye kuku wake waliamini uzio ni pambo.

"Kuku wako wamekula mchicha wangu, wewe mzee usiye na haya!"

"Wamekula kidogo, Bi Pasi. Wamekuachia na wewe."

"Nitawachinja!"

"Chinja, lakini mapaja yangu."

Hawakuwahi kuchinjiana kitu. Mchana ukikolea alitandika mkeka mlangoni, akafungulia redio ambayo fundi huyohuyo alikuwa ameitengeneza, akalala. Naye alisema kulala ni kulala, wala kusiitwe jina jingine.

Mvua ya kwanza ya masika ilipodondoka akateleza. Alikuwa na ndoo mkononi, akaanguka kifudifudi kwenye tuta la vitunguu, goti likavimba. Kwa bahati mbaya mwanawe wa kwanza alikuwa amesimama mlangoni siku hiyo, akaona kila kitu. Yeye mama akanyanyuka na tope usoni, anajicheka. Mwana hakucheka.

Sasa huyu kifungua mimba kazi yake ni kusakafia. Maegesho ya magari, vijia, nyua za watu wakubwa, yeye na mafundi wake ndio wanaopanga vile vitofali vya saruji vya chini. Mtu huyu akiona udongo umekaa wazi, mkono unamuwasha. Na dada yake, kitinda mimba, ana duka la dawa. Akiona mtu ana afya, naye hatulii. Mzee ukizaa watoto wa namna hiyo, jilinde.

"Mama, nitakupangia vitofali ua mzima," mwana akasema. "Pawe safi, hutelezi, unaweka kiti chako, unapumzika."

"Thubutu!"

"Mama, goti."

"Goti ni la nani? Lako? Nimekwambia, thubutu!"

Mtu mwingine angeelewa. Hawa wakaenda kukaa pembeni wawili, wakaamua. Tutafanya hayupo. Atanuna siku mbili, akizoea atatushukuru. Hilo ndilo neno linalonitia hasira mimi, "akizoea atatushukuru." Adui akikufanyia ubaya hatarajii shukrani, ni mtu wa nyumbani tu ndiye anayekuvunja mguu halafu akangoja umwambie asante.

Jumamosi asubuhi binti akafika, amependeza, anabembeleza. "Mama, twende ukapimwe goti, halafu tukale kwangu. Muda mrefu hujaja kwangu." Bi Pasi akaona aibu kukataa. Akamwagilia haraka haraka, akazipapasa ndimu zake, akafunga mlango. Goti likapimwa. Wakaenda kwa binti, akala akashiba, akapewa na kidonge cha maumivu. Kidonge kile kilikuwa na usingizi ndani yake. Akalala kwenye kochi, mdomo wazi, kama mtoto aliyetoka kuoga.

Binti akamtazama mama yake, moyo ukamjaa huruma na fahari. Ndugu zao wote walio mbali na karibu walikuwa kwenye kundi moja la simu, na kwa wiki nzima walikuwa wakiuliza habari za goti. Akaona awatoe wasiwasi. Akaandika. Halafu, mlio wa simu usije ukamwamsha mama, akaizima kabisa, akaenda kuosha vyombo.

Bi Pasi alizinduka alasiri, kinywa kikavu, kichwa kizito.

"Maji!" akasema. "Mchicha wangu haujapata maji ya jioni."

"Kaa kidogo, Mama. Bado mapema."

"Mapema nini, jua hilo linaondoka? Na wewe mbona unaangalia saa kama mtu anayesubiri treni?"

"Siangalii."

Alikuwa anaiangalia. Bi Pasi akatafuta ndala zake, akazivaa huku akisema kwamba mtu asiyetaka kumpeleka aseme, miguu bado anayo. Wakapanda teksi. Njiani binti akawa anapangusa viganja kwenye sketi. Walipokaribia mtaa wao akasema, "Mama, ukifika usishtuke."

Hakuna maneno mabaya duniani kuliko hayo.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni zawadi tu."

Bi Pasi hakupata nafasi ya kuuliza zaidi, maana teksi ilikuwa imekata kona, na nje ya nyumba yake kulikuwa na watu. Wanaume walikuwa wanateremsha viti vya plastiki kwenye kigari. Wanawake wamejifunika vichwa. Viatu vimejaa mlangoni, na kutoka ndani kulikuja sauti ambayo mtu hahitaji kutafsiriwa.

Akajua mwanawe amekufa. Hakufikiri kitu kingine. Alikuwa na mtoto mmoja hapo kwenye teksi, na mwingine hakuwa naye. Basi ni huyo. Binti alikuwa amepigwa na butwaa, anasema, "Hawa watu wamefuata nini?" lakini mama hakumsikia. Alishuka, akashika ukuta, akapita kichochoro cha pembeni kinachotokea nyuma, kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa umejaa. Hakuna aliyemwona. Watu wenye msiba huwa wanaangalia chini.

Akiwa bado kichochoroni akasikia sauti ya Mama Wanga. Angeitambua popote, ilikuwa sauti iliyozoea kushindana na mashine.

"Mwenzangu wee! Maisha yote tumekaa chini ya ardhi mimi na wewe, tunachemka na mashuka ya watu! Umetoka juzi! Juzi tu ndiyo umeliona jua! Ulinipigia simu mndimu umezaa, ukapiga kelele nikadhani umepata mjukuu! Hata kuionja hujaionja! Ndiyo kwanza ulikuwa unaanza, mwenzangu, ndiyo kwanza unaanza!"

Na pembeni yake mwanamume analia kwa kwikwi, kumbe ni fundi redio. "Sasa kuku wangu nani atawatukana? Ee? Nani atanitukania kuku?"

Bi Pasi akasimama. Ikamchukua kitambo kuelewa kwamba maiti ni yeye.

Akachungulia. Mwanawe alikuwa amekaa juu ya fungu la mchanga, uso mweupe kwa vumbi la saruji, machozi yamechora mifereji miwili mpaka kidevuni. Yuko hai. Mzima, ana miguu yake na mikono yake, analia makamasi. Mama akashusha pumzi yote aliyokuwa nayo, akahisi angeweza kumbusu kila mtu pale, hata kuku.

Halafu akatazama nyuma ya bega la mwanawe.

Bustani haikuwapo. Kulikuwa na vitofali vya kijivu kutoka ukutani mpaka karibu na uzio, vimepangwa vimekaa sawasawa, mstari hauna kosa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi ilikuwa nzuri. Mafundi walikuwa wamefika kipande cha mwisho, wamesimama na makoleo yao hawajui waendelee au wavue kofia. Nyanya na mchicha na bilinganya vilikuwa vimelundikwa kama takataka. Mchaichai haujulikani uko wapi. Na mndimu ulikuwa umelazwa kando ya uzio, umekatwa chini kabisa, bado una ndimu zake.

Hasira ilimpanda kutoka kwenye nyayo.

"NANI AMEKATA MNDIMU WANGU?"

Jamani, msiba ulivunjika. Mama Wanga alikata kilio katikati ya neno. Viti viliangushwa. Fundi redio, mzee mzima ambaye kila siku alilalamika mgongo, aliruka uzio wake mwenyewe kwa mkono mmoja. Fundi mmoja alitupa koleo akakimbia, na hakurudi kulichukua. Mjomba, yaani mdogo wake Bi Pasi wa kiume, ambaye alikuwa ametoka mbali na ndiye aliyewapigia watu wote simu, alinyoosha mikono mbele kama anazuia gari.

"Dada! Rudi ulikotoka, dada! Tutakuombea! Rudi!"

"Nirudi wapi, mpumbavu wewe, nyumba si yangu?"

Kusikia mpumbavu, mjomba akatambua huyo ni dada yake kweli. Akakaa chini palepale.

Mwana alikuwa ameshafika. Alimkumbatia mama yake na saruji yake yote, akamshikilia, anasema, "Uko hai, Mama, uko hai, uko hai." Mama alisimama kama nguzo. Mikono yake ilibaki imening'inia.

"Mimi niko hai," akasema. "Sasa geuka nyuma uhesabu ambao hawako hai."

Ikabidi mambo yaelezwe, na aliyeeleza alikuwa mjomba. Alitoa simu mfukoni, akasoma ujumbe wa binti mbele ya watu wote:

"Jamani ndugu, Mama amepumzika. Amepumzika kwa amani kabisa, hana maumivu tena. Kaka yuko nyumbani anashughulikia mambo yote. Mafundi wameshaanza kuchimba na saruji imefika. Tunashukuru kwa dua zenu."

Kila mtu akamgeukia binti, ambaye alikuwa ameingia nyuma ya mama yake.

"Nilimaanisha amelala!" binti akasema, sauti imepanda kama ya mtoto. "Amepumzika, si amelala! Tulimwambia apumzike kila siku, leo akapumzika, nikafurahi!"

"Na hana maumivu tena?" mjomba akauliza.

"Nilimpa kidonge!"

"Na kuchimba?"

"Ua, Mjomba! Walikuwa wanachimba ua!"

"Nimekupigia simu mpaka betri ikakaribia kuisha!"

"Niliizima asiamke!"

"Asiamke!" Mjomba akashika kichwa. "Mtoto huyu ataniua. Kakako naye tumempa pole, akaanza kupiga mayowe kuliko sisi. Tukasema basi, ni kweli."

"Simu yangu ilikuwa garini," mwana akasema. "Nyie mliingia mnalia. Mama alikuwa ameenda kupimwa. Nilijua amefia hukohuko kwenye vipimo."

Mama Wanga ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka huku machozi ya msiba hayajakauka, akajipiga mapaja, na wengine wakafuata, kicheko kile cha watu walioogopa sana. Fundi redio akachungulia juu ya uzio kuhakikisha, akacheka na yeye. Binti naye akathubutu kutabasamu.

Bi Pasi hakucheka.

"Hukukosea, mwanangu," akamwambia binti. Alisema taratibu, na wanaomjua wakaacha kucheka, maana Bi Pasi akipaza sauti kuna usalama, akiishusha, jihadhari. "Uliandika sawasawa. Hebu usomewe tena. Amelazwa. Simu imezimwa asisikie. Hana maumivu. Mambo yake yote yanashughulikiwa na wengine, yeye haulizwi. Nyumbani kwake kunachimbwa na saruji imefika. Huyo ni nani? Si maiti huyo? Hawa ndugu zako ndio waliokuelewa. Wewe ndiye hukujielewa."

Binti akainamisha kichwa, na tabasamu likamtoka.

"Mama," mwana akasema, "nitakununulia mndimu mwingine. Kesho asubuhi. Mkubwa kuliko huu."

"Utanunua mndimu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ile miaka niliyoungoja, hiyo utainunua duka gani? Nionyeshe hilo duka twende wote, hata mimi nina vingine vya kununua humo."

Mwana akapepesa macho, vumbi likamdondoka kwenye kope.

Mjomba akaona aingilie kati kama mtu mzima. "Dada, tushukuru uzima. Mambo yamekwisha kuwa. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Tope linazoleka," Bi Pasi akamjibu. "Na wewe nyamaza, uliyekuja kunizika na suruali mpya."

Hapo mwana akapasuka. Alikuwa amejizuia tangu mwanzo, ila siku ile alikuwa amempoteza mama na kumpata katika saa moja, na mtu hawezi kupita hapo akabaki na adabu zake zote.

"Niliogopa!" akasema kwa kelele. "Unajua ulivyoanguka pale? Ulinyanyuka na tope mdomoni, unacheka! Unacheka, Mama! Tangu siku ile simu ikilia usiku najua ni wewe, nakwenda kuipokea natetemeka. Ulitaka nifanye nini? Nikae nikungoje uvunjike?"

Bi Pasi alimtazama mwanawe. Alimwona anazo mvi mbili tatu juu ya masikio, na alikuwa hajaziona kabla. Moyo ulimuuma kwa ajili yake, sitaficha, ulimuuma sana. Lakini hasira haikuondoka. Vilikaa humo ndani vyote viwili, wala kimoja hakikumpisha mwenzake.

"Ogopa," akamwambia. "Ogopa, baba. Ni haki yako. Mimi nilikuogopea tangu hujaota meno, sasa zamu yako. Lakini nilipokuogopea, nilikufunga kamba? Ulipanda miti, ukaanguka, ukavunja mkono, nilikata miti? Woga wako ubebe mwenyewe. Usije kuumwaga juu ya bustani yangu, ukaupanga vizuri, ukausawazisha."

Akapumua.

"Mimi sina miaka mingi. Najua. Mnadhani sijui? Kila mvua ikipita najua moja imepungua. Ndiyo maana nataka zilizobaki nizikanyage kwa miguu yangu. Nikianguka kwenye vitunguu nikafa, nileteeni hivi hivi viti, Mama Wanga alie hivi hivi alivyolia leo. Amelia vizuri sana. Lakini mpaka siku hiyo, mwanamume yeyote asiniletee saruji."

Mmoja wa mafundi, maskini, alikohoa kidogo akauliza, "Bosi, sasa hiki kipande cha mwisho tumalizie?"

"Nendeni nyumbani," mwana akasema.

"Na vitofali?"

"Nimesema nendeni nyumbani. Niachieni mtaimbo."

Wakaenda. Mwana akavua shati, akaingiza ncha ya mtaimbo kati ya vitofali viwili karibu na mlango wa jikoni, akakandamiza. Kazi yake mwenyewe ilikuwa imara, haikutaka kuachia. Akakandamiza tena mpaka shingo ikavimba. Kitofali cha kwanza kikang'oka na mchanga wake, na chini yake udongo ulikuwa bado mweusi, bado una unyevu wa maji aliyomwaga mama asubuhi.

Waliokuja msibani hawakuondoka. Viti vilikuwa vimeshateremshwa, maji ya chai yalikuwa yamechemka, na mtu aliyetoka mbali kulia hawezi kuambiwa tu kwaheri. Wakakaa. Binti, macho mekundu, alichuchumaa kwenye lile lundo akaanza kuchambua miche iliyobaki na mizizi, akiiloweka kwenye beseni bila kuambiwa na mtu. Mama Wanga alikwenda kwenye mndimu uliolala, akachuma ndimu moja changa, akaiuma, uso ukamkunjamana wote. Akasema ni kali kweli kweli, kama mwenyewe. Akamkabidhi Bi Pasi nusu iliyobaki, na Bi Pasi akaila na ganda lake, hakukunja hata jicho.

Halafu akavuta kiti kimoja cha msiba, akakiweka mbele ya mwanawe, akakaa na kikombe chake cha chai, goti bovu amelinyoosha.

Mwana alifanya kazi. Jasho lilichanganyika na saruji likamgandia mgongoni. Mjomba alijaribu kumpokea mtaimbo, Bi Pasi akamwambia akae. Fundi redio alisema kutoka kwenye uzio kwamba jua linazama, kijana aachwe amalizie kesho; akaambiwa achunge kuku wake. Safu moja ikatoka, ya pili ikatoka. Kwenye safu ya tatu mwana akasimama, mikono imechubuka, akamgeukia mama yake. Alikuwa anahema.

"Mama, umenisamehe?"

Bi Pasi akanywa chai yake, akaimeza, akamtazama mtoto wake wa kwanza kutoka kichwani mpaka kwenye viatu.

"Bado," akasema. "Hicho cha pembeni umekiruka."